Mnara kwa Mnara

Watu husifu simu kwa kuwa imefupisha safari. Mimi nakusudia kusema juu ya simu iliyo safarini yenyewe, simu iliyo mkononi mwa mtu anayekwenda. Kwani kuzungumza umekaa chini ya mnara hakulingani hata kidogo na kuzungumza huku unauacha mnara mmoja na kuukaribia mwingine. Tofauti hiyo sikuisoma kitabuni. Niliijua kwa hasara. Mwalimu wa lugha hana desturi ya kuingilia kazi za mafundi, na huenda msomaji akajiuliza nilikwenda kutafuta nini katika mambo ya mawimbi na mitambo. Jibu langu ni fupi. Nilipelekwa huko na neno lililokatika katikati.

Nkoma ni kata mojawapo ya Wilaya ya Itilima, katika Mkoa wa Simiyu. Mkoa huo na wilaya hiyo ni vigeni katika ramani; viliundwa mwaka 2012, na kabla ya hapo nchi ile ilikuwa katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Wenyeji wake wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba, mahindi na mtama, na wafugaji wa ng'ombe. Ni nchi ya watu waendao. Mchungaji hufuata majani na maji, mkulima hupeleka pamba yake kwa mkokoteni, akina mama huenda mnadani kwa miguu, na vijana wa bodaboda hawatulii tangu alfajiri mpaka usiku. Mtu atakaye kujua kama mtandao wa simu unawafaa watu wa namna hiyo, asiwaulize wakiwa wamekaa. Na awafuate njiani.

Mwezi wa Machi, miaka michache iliyopita, mjomba wangu, kaka yake mama, aliugua ghafla huko Nkoma. Habari zilinikuta Bariadi mjini, nami nikapanda basi dogo nikamwone. Wakati huohuo binamu yangu, kifungua mimba wa mjomba, aliona hali haingojeki. Akaazima gari la mizigo, akamlaza baba yake juu ya godoro, akashika njia ya kuja Bariadi hospitalini. Kwa hiyo sote wawili tulikuwa njiani, kila mmoja akimwendea mwenzake. Simu yangu ikalia. "Kaka," akasema, "usije mpaka huku. Tumekwisha kuondoka na mzee, anakuulizia. Shuka hapo kwenye..." Sauti ikakatika.

Nilitazama kioo cha simu. Alama ya mtandao imetoweka. Zikapita dakika kadhaa ndipo ikarudi. Nikapiga, naye sasa hapatikani, maana alikuwa ameingia bondeni. Baadaye gari moja la mizigo likapishana nasi, likaturushia tope dirishani. Sikulitazama sana. Nilipofika Nkoma nikakuta kitanda kitupu, na mke wa mjomba amesimama mlangoni, mkono shavuni. Akaniuliza, "Kwani hamkuonana njiani, mwanangu?"

Gari la kunirudisha Bariadi lilipatikana usiku. Nilipowasili hospitalini mjomba alikuwa amekwisha kufariki dunia.

Sisemi kwamba simu ilimwua mjomba wangu. Maradhi yake yalikuwa makubwa, na daktari alitueleza hivyo bila kuficha. Nasema hili tu: aliniulizia, nami nilimpita kwa umbali wa hatua chache, hali kila upande una simu iliyo hai, na mnara umesimama nyuma yangu na mwingine mbele yangu. Kama neno moja, jina la mahali tu, lingalifika, ningalishuka nikamngoja.

Siku ya mazishi, gari lililoleta mwili lilishindwa kuvuka kijito kilichofurika. Vijana wakalitwaa jeneza mabegani, wakaenda nalo sehemu ya njia iliyosalia. Nilikuwa nyuma yao, nikitazama jinsi walivyopokezana. Aliyechoka hakuliacha. Aliita, mwenzake akaja, akaenda naye sambamba hatua mbili tatu, akaweka bega chini ya jeneza, akasema, "Tayari", ndipo yule wa kwanza akaondoa bega lake. Hapakuwa hata dakika moja ambayo uzito ule ulikosa bega. Nikawaza: watu hawa hawakusoma kazi hii chuoni, wala hawana mtambo, na bado mzigo hauanguki. Mbona neno langu lilianguka?

Baada ya kuanua matanga nilimtafuta fundi mmoja wa mitandao, kijana ambaye tulipata kufahamiana chuoni, nikamwomba anifundishe kama ninavyowafundisha wengine ngeli za majina, yaani tangu mwanzo na bila haya. Alianza kwa kunifahamisha kwamba simu ya mkononi, ijapokuwa haina waya, haisafiri mbali hewani peke yake. Huzungumza na mnara ulio karibu tu. Kutoka hapo safari hufuata nyuzi za kioo zipitishazo nuru, au mawimbi yaelekezwayo kutoka mnara hadi mnara. Fikra ya kuigawa nchi vipande vipande, kila kipande na mnara wake, iliandikwa mwaka 1947 na D. H. Ring katika maabara za Bell huko Marekani. Faida yake ni kwamba masafa yaleyale huweza kutumika tena mahali pengine, kama vile mama wa kijiji hiki na mama wa kijiji cha mbali wanavyoweza kumwita kila mmoja Juma wake pasiwe na mtoto aendaye kwa mama asiye wake. Lakini kila faida ina deni lake. Ukiigawa nchi vipande, umejitwika kazi ya kumvusha msafiri kutoka kipande hiki hadi kile bila kumkata maneno.

Kazi hiyo ilingoja miaka mingi mpaka vyombo vikapatikana. Huduma ya biashara ilianza Tokyo mwaka 1979, baada ya majaribio ya mwaka 1978 mjini Chicago. Kwetu Tanzania simu ya mkononi ilianza kutumika mwaka 1994. Intaneti ya kasi isiyo na waya nayo ilipitia njia hiyohiyo: kwanza waliokaa, kisha waendao. Kanuni ya kwanza ya 802.16, iliyotungwa na chama cha wahandisi kiitwacho IEEE, iliwalenga watu walio majumbani na maofisini, wasiohama. Ikangoja mpaka mwaka 2005 kutolewa kanuni ya 802.16e, iliyowaongeza wenye kusafiri. Jambo hilo lilinikaa moyoni. Mara nyingi tunapotengeneza kitu, mtu tunayemwona akilini mwetu amekaa kitini.

Huko kumvusha msafiri mafundi hukuita kwa neno la Kiingereza, nami nikaona ni wajibu wangu kutafuta letu. Lipo neno kukabidhi, lakini lina harufu ya ofisi: mtu hukabidhi funguo akaenda zake, na aliyepokea akabaki na lake. Nimechagua kupokezana. Katika umbo lake mna kupokea, mna kumfanya mwingine apokee, na mna kutendeana. Kwa hiyo hakuna kupokezana kwa mtu mmoja. Na Wasukuma wanaijua kazi hii tangu kale. Mjomba alikuwa akinisimulia habari za mwano, yaani yowe la hatari, ambalo Sungusungu walilitumia sana mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika kupambana na wezi wa ng'ombe. Mwizi alipokimbia, yowe lilimfuata kijiji kwa kijiji. Na shuruti yake, alisema, ilikuwa moja: wa nyuma wasinyamaze mpaka wamewasikia wa mbele wamepokea.

Basi simu nayo hupokezanwaje? Fundi alinieleza kwamba simu, wakati unapozungumza, haiusikilizi mnara wako peke yake. Husikiliza na majirani. Katika mitandao ya kizazi cha pili, simu hutoa taarifa kila baada ya sehemu 480 za elfu za sekunde, yaani karibu mara mbili kwa sekunde, ikitaja nguvu ya mnara uliomo na ya majirani sita wanaosikika zaidi. Basi liendalo kilomita 80 kwa saa hupita kama mita 22 kwa sekunde. Kwa hiyo baina ya taarifa na taarifa limekwenda mita 11 hivi. Mtandao hupima taarifa hizo na kuamua wakati wa kuvusha.

Na hapo ndipo penye uzito. Ukivusha mapema mno, kwa kuwa jirani amesikika vizuri kwa nukta moja tu, simu itarudishwa tena nyuma, kisha mbele, kama mpira uchezwao na watoto wawili, mpaka mazungumzo yaharibike. Ukichelewa mno, mnara wa kwanza utakuwa umekwisha kufifia, na hata ile amri ya kuhama haitasikika. Wahenga wametuachia methali mbili ambazo wanafunzi wangu huniuliza daima ni ipi iliyo kweli: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Sikupata jibu zuri mpaka siku hiyo. Zote mbili ni kweli, na hekima ni kuijua nafasi nyembamba iliyo baina yake. Mafundi huiweka nafasi hiyo kwa tarakimu: jirani lazima awe na nguvu zaidi kwa kiasi fulani, na abaki hivyo kwa muda fulani, ndipo simu ivushwe.

Ziko na namna mbili za kuvusha. Katika mitandao mingi ya kizazi cha tatu, simu huweza kushikwa na minara miwili kwa wakati mmoja, ikaachiwa na wa kwanza baada ya kushikwa na wa pili. Hiyo ndiyo desturi ya wachukuzi wa jeneza. Katika kizazi cha nne, simu huachia kwanza, kisha hushika. Lakini mnara wa pili huwa umekwisha kuarifiwa na kuandaa nafasi, na ule wa kwanza humpelekea mwenzake maneno yote yaliyosalia mkononi, hivi kwamba pengo halizidi sehemu ndogo ya sekunde na mzungumzaji hana habari. Kanuni za kizazi hicho zilikusudia kwamba muunganisho udumu hata kwa mtu aendaye kilomita 350 kwa saa. Nilicheka kwa uchungu niliposikia hayo. Basi letu siku ile, katika tope, halikufika hata kilomita 40. Kasi, basi, haikuwa kosa.

"Kosa hatulijui mpaka tukapime, Mwalimu," akasema fundi. Na kupima ni elimu yenye historia yake. Kule Japani, mhandisi Okumura na wenzake walizunguka na gari lenye vyombo vya kupimia katika Tokyo na nchi inayoizunguka, wakayachapisha waliyoyapata mwaka 1968. Mwaka 1980 Hata akayageuza kuwa fomula ambazo wahandisi hukadiria nazo mpaka leo. Makadirio hayo ni mazuri, lakini hayakioni kichuguu, wala mwamba, wala bonde la kwenu. Kwa hiyo mtandao ukishajengwa hapana budi kwenda kuupima kwa gari, barabara kwa barabara.

Asubuhi moja ya Julai alinichukua katika kazi hiyo. Garini mlikuwa na simu kadhaa zimefungwa katika ubao, kompyuta mapajani mwa msaidizi, na juu ya paa chombo kinachopokea habari za mahali tulipo kutoka kwenye setilaiti. Simu moja ilipigwa, ikashikiliwa dakika mbili, ikafungwa, ikapigwa tena. Ya pili iliachwa wazi safari nzima, ili ionekane itakapokatika. Ya tatu ilivuta faili kubwa kutoka intaneti, kuonyesha kasi. Katika ramani ya kompyuta nukta zilijipanga nyuma yetu kama nyayo: kijani palipo pema, njano palipo dhaifu, nyekundu palipokufa. Tulipita katika lami kutoka Lamadi hadi Bariadi, na kutoka Bariadi kuelekea Maswa. Nyingi zilikuwa za kijani.

"Na njia ya Nkoma?" nikamwuliza.

Akanyamaza kidogo. "Mwalimu, sisi tunapewa orodha ya njia," akasema.

Sikumlaumu. Kupima kuna gharama ya mafuta, vyombo na siku za watu, na ni kawaida kuanza na njia zenye magari mengi. Lakini nikaona hatari iliyojificha katika nukta zile za kijani. Mtu aliye ofisini akiitazama ramani ataona nchi iliyo salama, kwa kuwa pale pasipopimwa hapana nukta nyekundu. Weupe wa karatasi hufanana na afya. Kumbe ndiko waliko watu wa mikokoteni, na wachungaji, na gari la mizigo lenye mgonjwa juu ya godoro.

Jumapili iliyofuata, kwa hiari yake, tulikwenda njia ya Nkoma. Palepale nilipopakumbuka, nukta zikageuka njano, kisha nyekundu, na simu iliyoachwa wazi ikakatika. Fundi akasimamisha gari, akarudi nyuma, akapita tena, ikakatika tena. Mara ya tatu vilevile. Lakini tulipogeuka na kuja kutoka upande wa Nkoma, simu ilivuka salama salimini. Akaitazama kompyuta kwa muda mrefu, kisha akaniita nione. Mnara wa mbele ulikuwa unasikika kwa nguvu, tena karibu sana. Ila simu haikuwa imeagizwa kuusikiliza. Kila mnara, alinieleza, una orodha ya majirani zake, nao huwapa simu orodha hiyo ili zijue ni nani wa kumsikiliza. Mnara wa mbele ulikuwa mpya, na katika orodha yake jirani wa zamani aliandikwa. Lakini yule wa zamani hakupata kuarifiwa kwamba amepata jirani. Kwa hiyo msafiri atokaye Nkoma alivushwa, na msafiri aendaye Nkoma aliachwa katikati ya njia, huku bega la kumpokea liko tayari mbele yake, lakini halikuitwa.

Nilikaa kimya. Kwa miezi yote ile nilikuwa nikiamini moyoni, bila kumwambia, kwamba kosa lilikuwa la simu kuukuu ya binamu yangu. Kumbe yake ilikuwa ikivuka vyema. Iliyokatika ilikuwa yangu.

"Dawa yake ni nini?" nikauliza.

"Mstari mmoja," akasema. "Kuandika jina la jirani katika orodha."

Nchi yetu imejitahidi sana kuwafikishia watu mawasiliano. Mwaka 2003 ilitungwa sheria iliyoanzisha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na mwaka 2006 nyingine iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili minara ijengwe hata mahali ambapo mfanyabiashara peke yake asingekwenda. Mwezi wa Mei mwaka 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Hiyo ni habari njema, na mtu wa Simiyu hawezi kuibeza. Lakini kila mnara mpya huleta mpaka mpya. Na kila mpaka mpya hudai kujulishana, na kujulishana hudai kupimwa. Kuhesabu minara ni kuhesabu mabega. Hesabu ya mabega haijatuambia kama mzigo utapita salama kutoka bega hili hadi lile. Hilo huonekana kwa kutembea tu, tena kutembea pande zote mbili za njia, kwa mwendo wa wale wanaoitumia. Nina tamaa kwamba katika orodha za njia za kupimwa ziingizwe njia za mnadani, za zahanati na za ghala la pamba. Mtu aliyekaa ana nafasi ya kupiga simu tena kesho, lakini anayekwenda, mara nyingi, anakwenda kwa sababu hana kesho ya kungojea.

Fundi alipeleka ripoti yake, na baada ya majuma machache akaniarifu kwamba ule mstari umeandikwa. Sikwenda mara moja kuhakikisha; moyo ulisita. Nilikwenda mwaka uliofuata, katika msimu wa pamba. Tulipokaribia mahali pale nilimpigia binamu yangu. Aliniuliza nimefika wapi, akaniambia mama yake ameniwekea michembe, akalalamika juu ya bei ya pamba. Basi likaenda, kile kichaka nikijuacho kikapita dirishani, kikabaki nyuma. Naye alikuwa bado anazungumza, wala hakujua kwa nini nilikuwa nikimwitikia kwa sauti ya chini namna ile.